Kisanduku cha fumbo cha zawadi: mfikirie atakayekifungua kabla hujashika msumeno

Kisanduku cha fumbo hakina kitasa, hakina bawaba, hakina tundu la ufunguo. Ukikitazama unaona mbao tu. Kufunguka kinafunguka, ila mpaka ujue ubao upi usogezwe, uelekee wapi, na wakati gani kigeuzwe juu chini. Nimewatengenezea ndugu na marafiki visanduku hivi kwa miaka kadhaa sasa, na kama ungeniuliza jambo moja tu ningekuambia hivi: fumbo lipimwe kwa mikono na subira ya yule atakayepewa. Akishindwa kabisa, akalazimika kukuita umwonyeshe, nusu ya zawadi imepotea, maana raha yenyewe iko katika ile dakika anapohisi kitu kimeachia mkononi mwake.

Basi kaa kwanza umfikirie. Shangazi yangu vidole humuuma, kwa hiyo chake nilikipa ubao mpana unaosukumwa kwa kiganja, bila kipande kidogo cha kubana kwa kucha. Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa hesabu, angechukizwa na kitu chepesi namna hiyo. Yeye alipata hatua nyingi. Ikiwa nyumbani kuna mtoto mdogo, usitumie kabisa sumaku ndogo wala pini inayoweza kuchomoka. Sumaku mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, na hilo linahitaji daktari wa upasuaji.

Huko Hakone, Japani, mafundi wamekuwa wakitengeneza visanduku vya aina hii, viitwavyo himitsu-bako, tangu karne ya 19. Vipo vinavyofunguka kwa hatua chache, na vipo vya makumi ya hatua. Ubao mmoja wa ubavuni husogea milimita chache tu, ukaupisha wa pili, wa pili ukaupisha wa tatu, hadi kifuniko kiwe huru. Juu yake hubandikwa nakshi za mbao za rangi mbalimbali, ambazo pamoja na uzuri wake hufanya mistari ya maungio isionekane. Kwa anayeanza, hatua mbili au tatu zinatosha sana. Siamini kwamba wingi wa hatua ndio utamu. Hatua moja iliyofikiriwa vizuri hukaa kichwani mwa mtu kuliko kumi za kurudiarudia.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni pini inayoongozwa na uzito wake. Chukua kifuniko cha unene wa milimita 15 kinachoteleza ndani ya mifereji ya kuta mbili ndefu. Upande wa chini wa kifuniko, karibu na ukingo, toboa tundu la kina cha milimita 10 lisilotokea upande wa pili. Kwenye ukingo wa ukuta ulio chini yake, palepale, toboa jingine la kina cha milimita 3. Pini iwe na urefu wa milimita 8. Kisanduku kikikaa wima, pini hushuka: milimita 3 zinaingia ukutani, 5 zinabaki ndani ya kifuniko, na kifuniko hakisogei ng'o. Kigeuze juu chini, pini yote inazama ndani ya kifuniko, njia inakuwa wazi. Ukikirudisha kifuniko mahali pake na kisanduku kikiwa wima, pini hudondoka yenyewe na kujifunga. Weka pia kizuizi mwishoni mwa mfereji ili kifuniko kisitoke chote, la sivyo pini itaanguka na kupotea.

Pini iwe ya shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida hupata kutu kikakwama, na mbao zenye tanini nyingi zikiguswa na chuma na unyevu hufanya madoa meusi. Unene wa milimita 3 unafaa, na tundu liwe la milimita 3.5. Viringisha ncha zake kwa msasa laini, kisha pulizia tundu mpaka lisibaki na chembe ya unga wa mbao. Usitie mafuta humo. Mafuta hushika vumbi, na vumbi likishikana na mafuta pini haitashuka tena.

Sasa mbao zenyewe. Mbao hainenepi wala kusinyaa sana kwa urefu wa nyuzi zake. Husogea kwa upana. Ubao wa upana wa sentimita 8 unaweza kubadilika karibu milimita nzima kati ya kiangazi na msimu wa mvua, na milimita hiyo ndiyo tofauti kati ya kisanduku kinachoteleza na kilichokwama. Acha mbao zako wiki kadhaa ndani ya nyumba kabla ya kuzipasua. Kila ubao unaoteleza uupange nyuzi zake zikitoka mfereji mmoja kwenda mfereji wa pili, kwa kuwa upande huo ndio usiobadilika. Mkangazi na msaji hutulia vizuri. Msaji una mafuta ya asili, kwa hiyo pangusa sehemu ya kugundisha kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka gundi.

Nafasi ya kutelezea mimi huipima kwa karatasi za kawaida za kuchapia. Moja ina unene wa karibu milimita 0.1. Ninasimamisha ubao ndani ya mfereji na kuingiza tatu au nne pamoja. Zikipita bila kulazimishwa, inatosha. Zikipita mbili tu kwa taabu, ninarudi kwenye randa, napitisha mara moja, napima tena. Haraka haina nafasi hapa. Unyoya mmoja wa randa ukizidi, ubao unachezacheza na siri yote inaonekana kwa nje.

Gundi ndiyo adui wa kimyakimya. Tone likitiririka ndani ya mfereji, kazi imeharibika. Pakaa kidogo, na sehemu zinazoteleza uzisugue nta kabla ya kuunganisha, maana gundi haishiki juu ya nta. Kabla ya gundi yoyote, funga kisanduku kizima kwa mipira na ukifungue mara nyingi kwa kila mkao. Kitako usikigundishe: kifunge kwa skrubu ndogo na uzifiche chini ya kitambaa. Pini ikikwama miaka kumi baadaye, hakuna atakayelazimika kuvunja kitu.

Vanishi iishie nje. Ndani ya mifereji tia nta ya nyuki au mshumaa basi. Na kama unapaka mafuta ya kitani, matambara yake yatandaze nje yakauke au yazamishe kwenye maji, kwa sababu yakikunjwa pamoja hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto.

Kikishakamilika mpe mtu mwingine akijaribu, mwenye tabia inayofanana na ya mlengwa, usimwambie neno. Tazama mikono yake. Mpwa wangu alipojaribu kimoja, alivuta kila kona kwanza, akanyamaza, akakitikisa karibu na sikio. Alisikia pini ikigonga. Akakiinamisha polepole huku na huku akiifuata sauti, na hapo nilijua kisanduku kiko tayari. Sauti ile ndiyo kidokezo chake cha pekee. Ndiyo maana kitu utakachoweka ndani, pete au barua au picha, kifungwe kwenye kitambaa kisigonge chochote. Kikilia nacho, mtu ataifuata sauti isiyo yake. Angalia pia wanavuta kwa nguvu kiasi gani wakikwama. Kifuniko kisipostahimili mvuto wa mtu mzima aliyechoka kufikiri, ongeza pini ya pili upande wa pili.

Siku ya kukabidhi, toa kisanduku na bahasha iliyofungwa yenye maelezo ya kukifungua, pamoja na mchoro wa pini ilipo na neno kuhusu skrubu za kitako. Mwambie bahasha aiweke tu. Kisha jizuie: usimwelekeze kwa macho wala kwa kikohozi, hata kama itachukua jioni nzima. Na kama unakituma mbali, kifungashe kikae wima na ukiandike hivyo juu ya boksi.