Ukisoma mashairi ya kiyama ya Wafaransa wa kale, tazama kwanza nani yuko kizimbani

Kabla sijakijua Kifaransa nilikuwa karani wa mahakama. Miaka sita nilipokea hati za rufaa, nikazigonga muhuri na kuzipanga kwenye mafaili, huku ndugu wa washtakiwa wakisubiri kwenye benchi la koridoni. Nalitaja hilo kwa sababu vijana wanaosoma fasihi ya Kifaransa huniuliza waanzie wapi na mashairi ya hukumu ya Mungu ya karne ya 14 na ya 15, na jibu nililonalo nililiokota masjala zaidi ya darasani.

Darasani nilianza kwa kukosea. Nilitakiwa kuandika kuhusu François Villon, mshairi wa Paris wa karne ya 15, nikajaza kurasa nane za moto, mashetani na toba. Mwalimu alinirudishia kazi ikiwa na swali moja tu la kalamu nyekundu: Nani yuko kizimbani? Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikayasoma mashairi upya nikiwa na swali hilo mkononi, na tangu hapo sijaliweka chini.

Lijaribu kwa Guillaume de Machaut. Mwaka 1349 tauni ilikuwa imeikumba Ufaransa, naye akaanza shairi lake refu la Hukumu ya Mfalme wa Navarre kwa kuisimulia. Anasema Mungu alitazama uovu wa watu akamfungulia Mauti kizimba chake (cha mnyama hicho, si cha mshtakiwa, ingawa Kiswahili kinatuchezea hapa). Mshairi mwenyewe amejifungia nyumbani, na hatoki mpaka asikie ngoma na zumari za watu waliosalimika. Simulizi ni tamu. Lakini humo humo Machaut anarudia uzushi kwamba Wayahudi ndio waliotia sumu visimani na mitoni, uzushi ambao wakati ule uliwamaliza watu wengi wasio na hatia, naye anaupitisha bila kukohoa. Basi nani yuko kizimbani? Wengine. Mshairi yuko ndani, mlango umefungwa. Shairi la namna hii lisome, lina mengi ya kufundisha kuhusu sanaa na hata kuhusu woga, ila fuata kidole cha msemaji kinaelekea wapi kabla hujakubali kwamba Mungu ndiye anayesema.

Sasa rudi kwa Villon. Alizaliwa mwaka 1431, akapata shahada yake Chuo Kikuu cha Paris mwaka 1452. Mwaka 1455 alimuua padri katika ugomvi, akasamehewa. Krismasi ya 1456 yeye na wenzake waliiba sarafu za dhahabu zipatazo 500 katika Chuo cha Navarre. Kiangazi cha 1461 kilimkuta gerezani kwa askofu, huko Meung-sur-Loire. Mwishoni mwa 1462 ukatokea ugomvi mwingine wa mtaani, na safari hii akahukumiwa kunyongwa. Mtu huyu hakuijua hukumu kwa kusimuliwa.

Kuna beti moja ya mistari minne inayohusishwa na siku hizo, na ningependa uianze hiyo kabla ya zote. Anasema yeye ni François, jambo linalomlemea, mzaliwa wa Paris karibu na Pontoise. Huo ni utani, kwani Pontoise ndiyo iliyo karibu na Paris. Halafu anasema kwa kamba ya kama mita mbili, shingo yake itajua makalio yake yana uzito gani. Ukimaliza kucheka, kumbuka kwamba kwenye mlango mkuu wa kanisa la Notre-Dame mjini humo imechongwa Hukumu ya Mwisho, malaika Mikaeli akipima roho kwa mizani. Mtu wa Paris aliipita mizani ile kila siku. Villon amejipatia mizani ya kwake, ya kamba. Nilipolitambua hilo ndipo nilipoacha kudhani kwamba mashairi ya kiyama lazima yasomwe kwa sauti ya mazishini.

Kisha soma ile balada (shairi la beti zenye kiitikio) ya walionyongwa. Watano, sita hivi, wananing'inia na kusema na sisi: *Frères humains qui après nous vivez*, ndugu wanadamu mtakaoishi baada yetu. Mvua imewaosha, jua limewakausha na kuwatia weusi, kunguru wamewatoboa macho na kunyofoa ndevu na nyusi. Miili imedonolewa na ndege hadi ina vishimo vingi kuliko kastabini. Neno hili lilinichelewesha wiki nzima, maana kamusi niliyokuwa nayo ilinipa "kifuniko cha kidole cha mshonaji", hadi nikaenda kumuuliza fundi cherehani mtaani kwetu. Ndipo nikaiona picha: kile kichuma chenye vishimo vidogo vidogo ambacho mama zetu walikivaa wakishona. Mfano wa maiti mshairi anautoa kwenye kikapu cha nyuzi cha mwanamke. Ushauri wangu hapo ni mfupi: neno dogo la nyumbani likikushinda, usiliruke.

Karani aliye ndani yangu alizindukia jambo jingine. Wale watu hawasemi kwamba walionewa. Wanakiri waliuawa kwa mujibu wa sheria, ila wanasihi wasidharauliwe, kwa kuwa si watu wote waliojaliwa akili iliyotulia. Kisha wanaweka sharti la kupokezana: mkituhurumia sisi maskini, Mungu atawahi kuwahurumia ninyi. Hiyo ni hati ya rufaa kamili! Kosa limekubaliwa, sababu za kupunguziwa zimetolewa, na msomaji amegeuzwa mwombezi mwenye maslahi yake katika kesi. Ubeti wa kufungia balada za zama zile aghalabu huitwa kwa neno "Prince", mkuu, akisemeshwa mfadhili au mwenyekiti wa mashindano ya ushairi. Hapa mkuu ni Yesu mwenyewe, na anaombwa jehanamu isiwe na mamlaka juu yao. Rufaa imefika mahakama ya juu kabisa.

Waliolelewa na mashairi ya pwani yetu watajihisi nyumbani, na hapo pana mtego. Nilikuja kwa Villon nikiwa na Al-Inkishafi kichwani, na kwa kuwa shairi lile nalo lina makasri yaliyobaki magofu na majina ya mioto ya jehanamu, nilidhani nimeshamwelewa Mfaransa. Kinachowaunganisha kweli kiko mahali pengine: Sayyid Abdalla bin Ali anausemesha moyo wake mwenyewe, mshtaki na mshtakiwa wako kifua kimoja. Anzia hapo ukilinganisha, magofu yatafuata.

Tahadhari nyingine ni kutochanganya kifo na hukumu. Mwaka 1424 hadi 1425 kwenye ukuta wa makaburi ya Saints-Innocents, Paris, ilichorwa ngoma ya wafu, na beti zake chini. Maiti wanawashika mkono papa, mfalme, mfanyabiashara, hata mtoto mchanga, wanaondoka nao. Ukuta ulibomolewa mwaka 1669, lakini mchapaji Guyot Marchant alikuwa ameshaitoa kitabuni mwaka 1485. Pale kuna usawa, kesi bado haijasikilizwa. Villon aliyajua makaburi hayo, na katika shairi lake refu, Wasia, anafanya mzaha ninaoupenda kuliko yote: anawarithisha vipofu wa hospitali ya Quinze-Vingts miwani yake mikubwa, ili wakawatenge watu wema na waovu pale Saints-Innocents. Kazi ya Siku ya Mwisho, ya kutenga kondoo na mbuzi, wanapewa vipofu, nao wavae miwani! Baada ya hapo anatazama mafuvu yaliyorundikwa na kusema hawezi kujua lipi la askofu na lipi la mbeba taa.

Mwisho mtafute mtu asiyejua Kifaransa umsomee kwa sauti ulichofasiri. Mimi nilimsomea shangazi yangu, ambaye hakwenda shule, ile sala kwa Bikira Maria ambayo Villon aliiandika aisali mama yake. Mama anasema ni mwanamke maskini, mzee, hajui kitu, hajapata kusoma herufi. Kwenye kanisa la parokia yake anaona pepo imechorwa, na vinubi na magambusi, na jehanamu wanakochemshwa waliolaaniwa. Moja inamtisha, nyingine inamfurahisha. Shangazi alinisimamisha hapo.

"Mwanangu, huyo kijana wake ndiye yule mwizi?"

"Ndiye, shangazi."

"Walimnyonga?"

Nikamwambia hapana, tarehe 5 Januari 1463 Bunge la Paris, lililokuwa mahakama kuu ya mfalme, lilifuta adhabu ya kifo, likamfukuza Paris miaka 10, na baada ya hapo hakuna kumbukumbu ya kuaminika inayomtaja tena. Shangazi akakaa kimya. Kisha akauliza hao wanaochemshwa wamechorwa na nguo au uchi. Sikuwa nimewahi kulifikiria.

Kiitikio cha walionyongwa bado kinanisumbua. Wanatuomba tumwombe Mungu atake *absoudre* sisi sote, na neno hilo ni la padri kwenye kitubio na la hakimu mahakamani kwa pamoja. "Atuondolee dhambi" inanipeleka kanisani. "Atuachie huru" inanirudisha koridoni, kwenye benchi. Daftarini nimeandika kwa wino "atuachilie", na pembeni, kwa penseli, lile la kanisani bado lipo.