Kuhusu suruali, koti na kitambaa cha kichwani kanisani

Dada, umeuliza kama unaweza kuingia Misa ya kwanza mjini Njombe ukiwa umevaa suruali na koti zito, na kama ni lazima kujifunga kitambaa kichwani, kama mama mkwe wako anavyosisitiza.

Tuanze na kitambaa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, kanuni ya 1262, iliwataka wanawake wafunike vichwa na wanaume wabaki vichwa wazi, lakini sheria mpya ya mwaka 1983 haina sharti hilo, hivyo asiyejifunga hatendi kosa. Hata hivyo, kama kitambaa kitaleta amani nyumbani, mimi ningejifunga.

Suruali nayo haikukatazwa kwa jina. Katekismu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1387, inapozungumzia kupokea Komunyo, inataka mavazi yaoneshe heshima, adhama na furaha ya saa ile, basi kinachopimwa ni kama vazi limebana mno au linaacha mwili wazi unapopiga magoti. Kwa baridi ya Juni na Julai huko kwenu, vaa suruali yako ya joto, kisha funga kitenge juu yake hadi chini ya magoti. Koti, hata la mtumba, likiwa safi linatosha. Sare ya WAWATA (umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania) si lazima kwa kila mwanamke. Mumeo, kwa upande wake, avue mzula mlangoni.

Baadhi ya parokia zina taratibu zao za mavazi, kwa hiyo muulize katekista kabla ya Jumapili.