Vidonge vinane vya tramadoli kwa siku: tumkatizie baba?

SWALI: Baba yangu ana miaka 58, ni mchumaji karafuu hapa Wete. Miaka mitatu nyuma alianguka mkarafuuni, na tangu hapo mgongo haumwachi. Alianzishiwa tramadoli, dawa ya maumivu, ya miligramu 50, kimoja asubuhi, kimoja usiku. Sasa amefika vinane na bado analalamika. Ramadhani hula vinne kwenye futari na vinne kwenye daku. Juzi kaongezewa amitriptilini kwa sababu miguu inawaka moto. Kaka anataka tuvifiche vyote, eti baba keshakuwa teja. Tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, mwambie kaka asivifiche. Mwili uliopewa tramadoli kila siku kwa miaka mitatu umeshaizoea. Mkimkatizia ghafla, ndani ya siku moja mbili atatoka jasho, makamasi na miayo, tumbo litamwendesha, usingizi utamruka, na mgongo utazidi kuuma. Ndiyo ile arosto ya vijana wetu, kwa kuwa tramadoli ni ya jamii ya afyuni, ukoo mmoja na mofini na heroini. Lakini kupata arosto peke yake hakumfanyi mtu teja. Teja huisaka dawa hata pale inapomvunjia nyumba na kazi. Baba yenu anautafutia mgongo nafuu, ingawa akiachwa hivi hivi anaweza kufika huko.

Vinane ni miligramu 400, mwisho wa dozi ya siku kwa mtu mzima mwenye figo na ini salama. Kilichonishtua zaidi ni vinne kwa mpigo. Vidonge vya kawaida havipiti miligramu 100 kwa mara moja. Ukimeza 200 unaweza kuanguka kifafa au pumzi kupungua. Kwa mfungaji, vipo vidonge vinavyotoa dawa polepole kwa saa 12, vinavyokubaliana na futari na daku, ila haviwi vya kusaga wala kutafuna, na daktari ndiye wa kumbadilishia. Ruhusa ya mgonjwa kula mchana mnaijua. Hilo muulizeni sheikh wenu.

Amitriptilini nayo ni dawa nzuri ya miguu inayowaka, lakini pamoja na tramadoli nyingi namna hii ni mashaka. Zote hupandisha serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo, na zote humkaribisha kifafa. Huenda aliyeiandika hakuambiwa habari ya vile vinane. Mpelekeni baba wiki hii hii, na mfuko wa dawa zote, hata zile za dukani. Akishindwa kuamka, akikoroma kusiko kawaida, au akipata degedege, mlazeni ubavu na mkimbilieni hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo miguu ikilegea au mkojo ukimtoka bila kujijua, maana hapo huenda mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo imebanwa.

Ama kupunguza, kunataka subira. Mara nyingi tunashusha karibu sehemu moja ya kumi kwa mwezi. Kwake ni kama kidonge kimoja kila wiki nne, na vile vya mwisho polepole zaidi. Mwezi ukiwa mzito, anasimama hapo hapo, hapandi tena. Wengi hushangaa kuona dawa imepungua na maumivu hayakuzidi, kwa sababu dawa za jamii hii zikitumika muda mrefu huweza kuufanya mwili uhisi maumivu kwa wepesi zaidi.

Huku mnapunguza, muombeni daktari ampeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi si vibaya. Ya karafuu yasipakwe matupu, yanaunguza ngozi.

Na msimu huu asipande mkarafuu kabisa: dawa hizi mbili hutia kizunguzungu na usingizi. Kuchambua anaweza, mradi asikae mkekani kutwa. Ainuke kila nusu saa, atembee uani, arudi.