Kabla hujatoboa kikombe cha hedifoni, kagua kwanza kama sponji inaziba

Ndugu, weka hiyo drili chini. Umesema unatafuta hedifoni ya bei nafuu iliyofungwa nyuma, yaani ambayo vikombe vyake haviachi sauti itoke nje, kwa ajili ya kusikiliza muziki kazini na ndani ya daladala, na kwamba umebaki kati ya Sony MDR-7506 na Audio-Technica ATH-M40x. Lililonifanya nikae niandike ni maneno yako ya mwisho, pale unaposema kwa utulivu kabisa kwamba yoyote utakayonunua utaivua sponji zake, zile zinazozunguka sikio, utaivalisha sponji nene za mahameli kwa sababu ya joto, kisha utajaza pamba ndani ya vikombe na kutoboa matundu nyuma ili besi ipumue. Nilifanya hayo hayo kwa mfuatano huo huo, na MDR-7506 yangu sasa inasikika upande mmoja tu.

Hedifoni iliyofungwa nyuma haitoi besi kwa namna spika ya sebuleni inavyotoa. Wimbi la sauti la herzi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, ilhali kati ya spika ya hedifoni na sikio lako kuna nafasi ya sentimita chache tu. Katika nafasi hiyo utando wa spika husukuma na kuvuta hewa iliyofungiwa, na sikio huhisi shinikizo likipanda na kushuka. Shinikizo hilo hudumu pale tu sponji inapokuwa imeshikamana na ngozi pande zote. Ukiacha mwanya, hewa hutoroka, na kadiri sauti inavyokuwa nzito ndivyo hewa inavyopata muda mrefu zaidi wa kutoroka. Kwa hiyo besi hupotea kwanza, huku sauti za kati na za juu zikibaki karibu kama zilivyokuwa. Ni pampu ya baiskeli iliyoisha wosha: unasukuma kwa nguvu zako zote na tairi halijai.

Mahameli hupitisha hewa, na ndiyo sababu sikio halilowi jasho. Faida unayoitafuta na hasara usiyoitaka ni kitu kimoja. Ukiongeza unene, mambo huharibika kwa njia ya pili, kwa sababu sponji nene huisogeza spika mbali na sikio na kupanua nafasi ya hewa iliyo mbele yake, na hapo hata sauti za waimbaji hubadilika, kana kwamba wamehamia chumba cha pili.

Najua utaniambia kwamba Beyerdynamic DT 770 PRO imefungwa nyuma na inatoka kiwandani Ujerumani ikiwa na sponji za mahameli. Ni kweli, ile ya omu 80 na ile ya omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) huja hivyo, na zina besi ya kutosha. Lakini waliozibuni walizipima zikiwa na sponji hizo, wakapanga njia za kupumulia za kikombe na nguvu ya mkanda wa kichwani kulingana nazo. Wewe unataka kuchukua kiungo kimoja cha mpango wa watu wengine na kukibandika kwenye mpango ambao hautambui kiungo hicho.

Sasa ona jinsi kosa dogo linavyozaa kosa kubwa. Sponji asilia za hedifoni yangu zilikuwa zimeanza kuchubuka, kama ngozi bandia yoyote inavyochubuka kwa jasho na joto la pwani. Nikanunua za mahameli, nene, zenye matundu upande wa ndani, na muuzaji akanihakikishia kwamba "zinaongeza besi". Nilipozivaa besi ilikuwa imeondoka. Mtu mwenye akili timamu angerudisha sponji za zamani kwa dakika moja alinganishe. Mimi niliamini kwamba tatizo limo ndani ya kikombe, kwa sababu kuna bwana mmoja wa video, mwenye meza safi na sauti ya upole, ambaye alieleza kwamba hedifoni za bei nafuu "zina mwangwi wa plastiki" na dawa yake ni pamba. Nikatia pamba, besi haikurudi. Nikabandika udongo wa kufinyangia wa watoto kwenye kuta za vikombe, nikaongeza uzito kichwani bila kuongeza chochote masikioni. Kisha nikabandua kile kikaratasi kidogo kilichoziba vitundu vya nyuma ya spika ya kushoto, kwa kuwa bwana yule alisema kinaibana. Hapo ndipo upande wa kushoto ulipoanza kuvuma ovyo kwenye baadhi ya noti na kunyamaza kwenye nyingine.

Kikaratasi kile ndicho kilichokuwa kinadhibiti mwendo wa utando. Mbunifu amechagua karatasi inayopitisha hewa kwa kiasi fulani ili utando usiendelee kutikisika baada ya noti kwisha, na ukishaibandua huwezi kuirudisha ilivyokuwa, hata ukitumia gundi bora na dua.

Badala ya kuacha, nilitoboa kikombe cha kushoto. Nilikuwa nimeshatoa kitambaa cha mbele cha spika, tena kwa ushauri wa video ile ile, na nilikuwa nafunga skrubu kwa bisibisi ya chuma. Spika hizi hutumia sumaku ya neodimiamu, ambayo ni ndogo lakini ina nguvu ya kushangaza. Bisibisi ilipokaribia ilivutwa, ikaniponyoka kidogo, na ncha yake ikapita kwenye utando ambao ni plastiki nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Hakuna fundi anayeshona kitu hicho. Mnaocheka mcheke, lakini nawakumbusha kwamba wapo kati yetu waliowahi kuziacha hedifoni zao mpya zikipiga mvumo wa redio usiku kucha ili "zikomae", kwa hiyo tuheshimiane.

Kilichoniuma kuliko bisibisi kilikuja baadaye. Nilitoa pamba na udongo, nikarudisha sponji asilia zilizochubuka, nikasikiliza kikombe cha kulia ambacho sikuwa nimekitoboa wala kukibandua karatasi. Besi ilikuwepo, yote, kama siku ya kwanza. Tatizo lilikuwa sponji za mahameli tangu mwanzo, na kila nilichofanya baada yake kilikuwa matibabu ya ugonjwa usiokuwepo.

Simlaumu mtu kwa kutengeneza video. Namlaumu kwa kuchukua maelekezo ya kifaa kimoja na kuyagawa kama sheria ya vifaa vyote. Mtindo wa pamba, udongo na kuziba au kufungua matundu ulipata umaarufu mkubwa kupitia Fostex T50RP, hedifoni ya Kijapani ambayo imefungwa nusu tu, na ambayo utando wake ni bapa, umechorwa nyaya na kuwekwa katikati ya sumaku. Watu waliifanyia majaribio kwa miaka, wakapima kwa vifaa, na kampuni ya MrSpeakers ya Marekani ikafika hadi kuuza toleo lake lililorekebishwa lililoitwa Mad Dog. Spika ya MDR-7506 ni ya koili na utando wa milimita 40, na hesabu zake ni nyingine kabisa. Mtu anayekwambia ujaze pamba bila kukuuliza jina la hedifoni hajui anachokitibu. Na muuzaji anayesema sponji yoyote nene huongeza besi anataka kumaliza mzigo dukani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaendelea kuirudia hata nikichosha watu: usifungue skrubu hata moja kabla hujathibitisha kwamba sponji inaziba. Vaa hedifoni, cheza mlio mmoja tu wa herzi 40 kwa sauti ya chini, kisha bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja kuelekea kichwani. Kama mlio unapanda sana unapobonyeza, una mwanya, na hakuna pamba duniani itakayouziba. Umesema unavaa miwani. Rudia jaribio ukiwa umeivua, kwa sababu mikono minene ya miwani huinua sponji nyuma ya sikio. Dada zetu wanaovaa hedifoni juu ya mtandio, na wenye rasta nene, hukutana na jambo lile lile na kudhani wameuziwa bandia. Wakati mwingine dawa ni kushusha kikombe kidogo kwenye mkanda, au kutafuta miwani yenye mikono myembamba.

Kama joto ndilo linalokusumbua, zipo sponji ambazo kuta zake za nje na za ndani ni ngozi bandia isiyo na matundu, na kitambaa kipo pale tu panapogusa ngozi. Chagua zenye unene unaokaribiana na za asili. Hazina ubaridi wa mahameli, lakini huziba vizuri zaidi. Zile za kiwandani usizitupe, ziweke kwenye mfuko mkavu, maana bila hizo huna cha kulinganishia.

Matundu ya nyuma yasahau. Unataka hedifoni ya daladala, halafu unataka kumfungulia konda mlango.

Ukishahakikisha sponji inaziba na bado unataka besi zaidi, tumia ikwalaiza, programu ya kuinua au kushusha sauti nzito na nyembamba. Kwenye kompyuta ya Windows kuna Equalizer APO ambayo ni ya bure, na kwenye simu za Android kuna Wavelet, yenye marekebisho yaliyoandaliwa tayari kwa mifano mingi ya hedifoni. Ukiweka mwenyewe, inua kila kilicho chini ya herzi 105 kwa desibeli 4 au 5, na ushushe sauti ya jumla kwa kiasi hicho hicho ili isipasuke. Ukiichukia unaizima, na karatasi ya nyuma ya spika bado ipo mahali pake.

Kati ya hizo mbili, ningechukua ATH-M40x, kwa kuwa waya wake unachomoka na ule wa MDR-7506 umeungwa moja kwa moja. Hutakuwa na kisingizio cha kushika bisibisi. Ukiipata, fanya jaribio la herzi 40 ukiwa na miwani na ukiwa huna, uniandikie hapa tofauti uliyoisikia kabla ya kulipia sponji yoyote.