Hiyo pawasaplai ya elfu 35 usiinunue

Mdogo wangu, simama kwanza. Umeandika una laki saba, unataka kuunga kompyuta ya gemu, ukauliza kuhusu prosesa, kadi ya picha RX 580 iliyotumika, monita na RAM. Halafu mwishoni kabisa, kama kitu cha kupita tu, umesema pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, utachukua ya elfu 35, imeandikwa wati 600 na muuzaji kakwambia inatosha. Niko Mwanza kama wewe. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi kwenye duka moja hapo mjini, na yaliniunguzia karibu laki nne usiku mmoja.

Hela yangu niliitafuta Mwaloni Kirumba, napakia magunia ya dagaa, miezi kumi na moja. Nilianza na mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, pamoja na prosesa ya i5-4590 kwa 150,000, nikafuata na RX 580 kwa 220,000. Kufika kwenye pawasaplai mfuko umeshakauka. Muuzaji akagonga boksi kwa vidole, akasema, "Wati 600 hizi kaka, hata friji inawaka." Haikuwa na waya wa pini 8 ambao kadi inataka. Akafungua droo, akanipa kiunganishi cha kugeuza, kile kinachochomekwa kwenye plagi mbili za pini 4, zile za diski za zamani. Nikamwamini. Mtu mzima, ana fremu, nyuma yake zimepangwa kompyuta mpaka dari. Ningembishia kwa lipi?

Ilikaa siku tisa. Jumamosi usiku, mechi iko kipindi cha pili, skrini ikazima. Feni za kadi zikazunguka kwa nguvu kama sekunde mbili, kisha kimya, na chumba kizima kikajaa harufu ya plastiki inayoungua. Nilipofungua kasha nikaona ile plagi nyeupe ya kiunganishi imeyeyuka upande wa waya wa njano, imekuwa kahawia na kung'ang'ania pini, hata koleo haikuitoa. Fundi akapima: kadi imepiga shoti, mazabodi haiwaki. Iliyopona ni prosesa peke yake.

Kisha akaifungua ile pawasaplai mbele yangu. Kwenye ubao kulikuwa na nafasi zimechapwa alama za koili na kapasita za kuchuja umeme, lakini ziko tupu, wameziruka kwa kipande cha waya. Nyaya zake zimeandikwa 22AWG, na kwenye vipimo hivyo namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Nzuri huwa na 18AWG. Halafu akanigeuzia stika ya ubavuni, ile ambayo sikuwahi kuisoma. Mstari wa +12V, ule unaolisha kadi na prosesa, ulisema 16A, yaani ampea 16. Zidisha mwenyewe: 12 mara 16 ni wati 192. RX 580 peke yake kiwango chake ni wati 185, i5-4590 ni wati 84. Jumla 269, na karibu zote zinavutwa kwenye huo mstari mmoja. Kwa hiyo kwa maandishi yake yenyewe ilikuwa haiwezi, na namba 600 iliyo mbele ya boksi haikuwa na kazi yoyote zaidi ya kuuza.

Nilirudi dukani na mzigo wangu kwenye mfuko. Akaniambia umeme wa kwetu Mabatini ndio mbovu. Ndiyo, umeme wetu hupanda na kushuka, lakini usiku ule TV ya mama ilikuwa inaendelea na taa haikupepesa hata mara moja. Risiti hakunipa, garanti iliishia mlangoni. Hasira yangu mpaka leo haiko kwenye elfu 35. Alinisikia nikimtajia kadi niliyonunua, akajua nini kitatokea, au hakujua na bado akaniuzia. Sijui lipi baya zaidi, na kijana anayekuja baada yangu anagongewa boksi lile lile.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Pawasaplai yoyote, mpya au iliyotumika, igeuze ubavu, tafuta +12V, zidisha ampea kwa 12. Jibu lizidi jumla ya kadi na prosesa, libaki na wati 100 au zaidi za nafasi. Ninayotumia sasa imeandikwa wati 500 tu, lakini 12V yake ni 40A, yaani 480, na ina waya wake halisi wa pini 8. Niliitoa kwenye kompyuta iliyovunjwa, 85,000. Ni ndogo kwa jina kuliko ile ya 600 na ukiishika mkononi ni nzito karibu mara mbili.

Kama 85,000 haipo, basi achana na RX 580. Tafuta Dell OptiPlex 7020 ya ofisini, ile ndefu siyo ile nyembamba, yenye pawasaplai yake ya kiwandani ya wati 290, uweke kadi ya GTX 1050 Ti au GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa ziada. Hizo hutumia wati 75 na huzipata moja kwa moja kwenye mazabodi. Ujue tu kwamba mazabodi ya Dell hiyo inatumia plagi ya pini 8 ya kwao, pawasaplai ya kawaida haiingii bila kiunganishi, kwa hiyo usije ukaitupa ile ya asili. RAM weka vipande viwili vinavyofanana, siyo kimoja.

Umesema unaenda dukani leo jioni. Kabla hujatoa hela piga picha ya stika, upande wenye 12V, iweke hapa. Simu yangu iko mkononi.