Miaka 44 si mingi: nilivyojifunza kupanda nguzo nikiwa Kigoma

Dada uliyeuliza kama ukiwa na miaka 44 umeshachelewa kuanza mazoezi ya kucheza kwenye nguzo, na kama mtu wa mkoani asiye na ukumbi wa mazoezi jirani anaweza kujifunza, nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe. Ni marefu kidogo, nivumilie.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Mwanga, Kigoma mjini. Nilianza nikiwa na miaka 46, sasa nina 50. Ushonaji ni kazi ya kuinama: shingo mbele, mabega juu, mguu kwenye pedeli tangu asubuhi. Ilifika mahali siwezi kupeleka mkono mgongoni nikafunga zipu ya gauni langu bila kumwita mtu. Nilichuliwa kwa kila dawa ya kuchua, napata nafuu siku mbili, inarudi.

Ndipo nikaenda Dar kumuuguza dada yangu, nikakaa miezi mitatu. Binti yake alikuwa anahudhuria darasa la nguzo mara mbili kwa wiki. Akaniambia, "Mama mdogo, mama amelala, twende ukanyooshe mabega." Nikaenda na dera langu, bukta ndani. Mwalimu hakuniambia nicheze chochote. Aliniambia nishike bomba kwa mikono miwili juu ya kichwa, nishushe mabega yaachane na masikio, halafu ninyanyue miguu. Nikakaa hewani sekunde tatu. Mara ya mwisho mikono yangu kuubeba mwili wangu ilikuwa utotoni, kwenye miembe ya Ujiji. Nilipotua viganja vilikuwa vinawaka moto na machozi yananilengalenga, wala sikuwa na huzuni.

Umesema dada yako mkubwa anauita mchezo wa vilabu vya usiku. Sitambishia kwa hilo. Mitindo mingi tunayofundishwa imetoka kwa wanawake waliokuwa wakicheza vilabuni Marekani na Ulaya, na mimi nawaheshimu, maana wao ndio walioumia wakaijua kazi kabla yetu. Ila nguzo ni ya zamani kuliko vilabu hivyo. India wana mallakhamb, jina lenye maana ya nguzo ya mpiga mieleka: wanamieleka walikuwa wakijinoa kwenye gogo lililosimikwa ardhini, na kule Maharashtra watoto wanafundishwa mpaka leo. Wachina nao wana sarakasi yao ya nguzo. Mwaka 2017 GAISF, umoja uliokuwa ukikusanya mashirikisho ya michezo ya dunia, uliupa mchezo wa nguzo hadhi ya mwangalizi, yaani hatua ya mwanzo ya kutambuliwa rasmi. Na sisi wa Kigoma tuna wakwezi wa michikichi, ambao nitawarudia.

Sasa bomba lenyewe, maana hapo ndipo nilipopoteza hela. Niliporudi nilimwendea fundi wa kuchomelea nikamwambia nataka bomba la kushika, akanipa la maji la inchi mbili. Mabomba ya maji yana majina ya uongo. Hilo la inchi mbili ukilipima kwa nje linafika milimita 60, vidole havikaribiani, na kiganja kisipofunga hakuna kushika hapo. Nguzo za mashindano zina milimita 45. Bomba la maji la inchi moja na nusu kwa nje lina milimita 48, linashikika, ila langu lilikuwa na vipele vya zinki vikanichuna ngozi. Mwishowe nikapata stenlesi ya milimita 50, ile ya vishikio vya ngazi za maghorofa. Mimi nina vidole virefu. Mwenye kiganja kidogo atafute jembamba kuliko hilo. Na uangalie unene wa chuma chenyewe, kwa sababu mabomba mepesi ya urembo yanapinda.

Kosa kubwa lilikuwa juu. Fundi alilifunga kwenye mbao za silingi kwa skrubu nne. Wiki ya tatu, nimepanda hatua moja, nikasikia mbao inapasuka kama kuni kavu, bomba likayumba, nikashuka nalo. Kifundo cha mguu kilivimba, siku kumi sikukanyaga pedeli. Sasa nguzo iko uani, chini ya paa la baraza: chini imezama futi mbili ndani ya zege, juu imechomelewa kwenye boriti ya chuma iliyolala juu ya kuta mbili. Kabla hajapanda mtu, tulilifunga kamba bomba lile, wanawake watatu tukalivuta kila upande kwa nguvu zetu zote. Chini yake nalaza godoro. Dada yangu, kama huwezi kuifunga hivyo, basi usipande; afadhali usubiri.

Jambo la pili ambalo hakuna aliyenieleza mapema ni ngozi. Nguo inateleza kwenye chuma. Kinachokushikilia ni ngozi ya ndani ya mapaja, ya nyuma ya goti, ya kwapa, ya ubavu. Bukta fupi inavaliwa kwa sababu hiyo. Na sisi tumelelewa kwamba mtu akitoka kuoga anajipaka mafuta. Siku ya nguzo usijipake kabisa, na ikiwezekana hata usiku wa kuamkia siku hiyo. Kuna siku nilikaanga migebuka kwa mawese mchana, nikanawa kwa sabuni mara mbili, jioni nikashika bomba nikaona viganja vinateremka polepole huku nimekaza vidole vyote. Nikaenda kunawa kwa majivu, kama tunavyosugua masufuria, ndipo yakatoka. Bomba nalo nalifuta kwa spiriti kabla na baada. Kiangazi, asubuhi za Juni na Julai, chuma kina baridi na ngozi haishiki. Lisugue kwa kitambaa mpaka lipate joto, na wewe upashe mwili kwanza. Masika taulo la kufutia jasho lisikae mbali.

Mapaja yatavilia damu. Ile siku ya kwanza unakaa juu ya bomba kwa kubana mapaja tu, maumivu yake ni kama mtu amekufinya na hataki kuachia. Alama zangu zilidumu kama miezi miwili, baadaye ngozi ikazoea.

Mwezi wa nne wa mazoezi nilikwama. Napanda hatua moja, mikono inatetemeka, nashuka. Wiki zikapita hivyo. Nikaenda Simbo kwa mjomba kununua mawese. Ana miaka sitini na zaidi na bado anakwea michikichi yake mwenyewe. Tangu utoto nimemwona akipanda, lakini siku hiyo ndiyo kwanza niliangalia miguu yake. Ukanda umemzunguka yeye na mti. Anaegemea nyuma, nyayo zinakandamiza shina, magoti yananyooka, na uzito ukishakaa miguuni ndipo mikono inaurusha ukanda juu kidogo. Hakuna haraka hata chembe. Aliposhuka na chane lake la chikichi nikamuuliza, "Mjomba, mikono haikuumi?" Akajibu, "Mikono inashika tu, mama. Inayopanda ni miguu. Mikono ikiuma ujue miguu imelala."

Nimesafiri na maneno hayo kwenye daladala mpaka Mwanga. Jioni ile nikabandika mguu wa mbele kwenye bomba, ugoko umelala juu yake. Mguu wa nyuma ukabana kwa shavu la mguu. Nikakaza miguu, nikanyoosha magoti. Mwili ukapanda, mikono ikafuata. Hatua nne nikagusa boriti. Binti yangu wa mwisho alikuwa anaosha vyombo, akaacha maji yanamwagika anashangilia.

Kuhusu kuumia, hili lisome mara mbili. Misuli inapata nguvu mapema, kano zinachelewa, na katika umri wetu zinachelewa zaidi. Mwaka wa pili nilijiona shujaa, nikawa napanda siku nne mfululizo, na mchana nashika mkasi. Kiwiko cha kulia, upande wa ndani, kikaanza kuuma hata nikiinua kikombe cha chai. Wiki sita sikugusa nguzo. Tangu hapo ni Jumanne na Ijumaa tu, saa moja, na kila ninachofanya kulia nakirudia kushoto hata kama kushoto sipendezi. Kichwa chini sikugeuka mpaka mwezi wa kumi na nne, na nilikwenda kupima presha kwanza. Mwenye presha ya kupanda isiyotulia, au presha ya macho, asijigeuze bila kuongea na daktari.

Umri wenyewe ndio sababu ya kufanya. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hushuka, mifupa ikadhoofika haraka kuliko zamani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili au zaidi za kutia misuli nguvu. Wanawake wengi wa rika letu tunatembea tukadhani tumemaliza. Kutembea ninako, nateremka Kibirizi kuchukua dagaa na kurudi na kilima chake. Nguvu za misuli ndizo nilizokuwa sina, na nguzo ndiyo iliyonipa. Zipu ya gauni nafunga mwenyewe.

Mume wangu nilimwambia kabla ya kununua bomba. Alinyamaza siku mbili. Kisha akauliza nani watakuwepo. Nikamwambia wanawake watupu, ua umezungushiwa mabati, geti limefungwa. Akasema sawa, ila baada ya lile la silingi kung'oka, la pili alilisimamia mwenyewe kuanzia kuchimba shimo. Majirani waliongea, wengine wanaongea bado. Kwangu mimi haina tofauti na ngoma za wanawake tulizozikuta kwa bibi zetu: uani, wenyewe kwa wenyewe, mwanaume hachungulii. Sasa tuko wanne. Mmoja ni muuguzi, mmoja ni mama ntilie, na mkubwa wetu ana miaka 57, anakaa juu ya bomba kwa mapaja, ameachia mikono yote miwili, hana wasiwasi.

Kwako wewe, bomba lisubiri. Tafuta tawi imara la mwembe au chuma cha mlangoni kinachobeba uzito wako, ushike, ushushe mabega, ning'inia sekunde kumi. Mara tano, siku tatu kwa wiki, mwezi mzima. Ukishindwa sekunde kumi, acha vidole vya miguu viguse chini. Mwezi ukiisha na mabega hayajalalamika, pima kiganja chako kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, uniandikie hapa nikuambie ukaombe bomba la ukubwa gani kwa fundi.