Maswali ya Wasomaji: NAS Inajikokota, Kosa Liko Wapi?

SWALI: Nina NAS (kisanduku cha kuhifadhia mafaili kupitia mtandao) ya diski mbili, terabaiti 4 kila moja, imechomekwa kwenye rauta niliyopewa na kampuni ya intaneti. Video ya harusi ya gigabaiti 60 inachukua saa moja na nusu kuingia, ingawa laptop na NAS zote ziko kwenye waya. Fundi anasema NAS imechoka, ninunue nyingine. Ninunue?
Mpiga picha, Arusha

JIBU: Usitoe hela bado. Gigabaiti 60 kwa saa moja na nusu ni kama megabaiti 11 kwa sekunde, na hiyo 11 ina mwenyewe. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya megabiti 100 kwa 8 upate megabaiti 12.5, kisha toa mzigo wa vifungashio vya mtandao, yaani data ya ziada inayosindikiza faili. Inabaki 11 na ushee. Diski iliyochoka hupanda na kushuka, haiwezi kukaa kwenye 11 tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kati ya laptop na NAS kuna kipande kinachokwenda megabiti 100 badala ya 1,000, na kimoja tu kinatosha kuichelewesha safari nzima. Ukikipata, video hiyo hiyo itaingia kwa dakika tisa au kumi.

Kwenye Windows fungua PowerShell, andika Get-NetAdapter, usome safu ya LinkSpeed. Ikisema 100 Mbps, kosa liko baina ya laptop na rauta. Ikisema 1 Gbps, ingia ukurasa wa NAS, sehemu ya mtandao, usome kasi ya upande wake. Rangi za taa kwenye milango usizitegemee. Kila mtengenezaji ana zake.

Anza na rauta. Nyingi zinazogawiwa na kampuni za intaneti zina mlango mmoja wa gigabiti, mingine yote ni ya megabiti 100. Geuza rauta usome lebo au maandishi ya milango: GE ni gigabiti, FE ni 100. Kama ndivyo, nunua swichi ndogo ya mtandao (kisanduku cha kuunganisha vifaa kwa waya) ya gigabiti yenye milango mitano, isiyohitaji mipangilio yoyote. Chomeka NAS na laptop kwenye swichi, kisha waya mmoja utoke kwenye swichi uende kwenye rauta. Faili litapita ndani ya swichi bila kugusa rauta. Na wale wanaoshauriwa kupandisha kifurushi cha intaneti ili NAS iende kasi, huko ni kulipa bili ya maji kwa sababu taa haiwaki.

Rauta ikiwa safi, mshukiwa ni waya. Ndani mna nyuzi nane. Megabiti 100 hutumia nne tu, zile za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inazitaka zote nane. Uzi mmoja wa buluu au wa kahawia ukikatika, vifaa vinashuka kimyakimya hadi 100, intaneti inaendelea kufunguka, na hakuna anayeshtuka. Ndiyo maana kosa hili hukaa nyumbani miaka. Badilisha waya kwa ulioandikwa Cat5e au Cat6 ubavuni, upime tena.

Kama vichwa vilibanwa na fundi, kitazame kimoja kwa karibu. Shika kichwa, kilimi chake kikiwa chini na meno ya shaba juu, waya ukielekea kwako. Kutoka kushoto isomeke: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mtego uko katikati. Wengine hupanga kijani zote mbili pamoja, kisha buluu zote mbili, kwa kuwa inapendeza macho. Wakifanya hivyo pande zote mbili, kipimo cha taa (kifaa cha mafundi cha kupimia waya) kitawaka moja hadi nane bila kasoro, ila nafasi ya 3 na 6 zinakuwa zimetoka kwenye jozi tofauti zilizosokotwa mbalimbali, ishara zinaingiliana na kasi inakufa. Kipimo cha taa huonyesha kwamba uzi umefika tu, hakijui umesokotwa na nani. Usifumue msokoto zaidi ya nusu inchi kabla ya kichwa.

Jambo jingine la kukagua ukiwa na wembe mkononi: kwangua uzi mmoja. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Waya huo una ukinzani mkubwa na hukatika ukikunjwa kunjwa, usiupitishe ukutani.

Ukishabadilisha, thibitisha kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao. Kwenye NAS endesha iperf3 -s; kwenye laptop iperf3 -c ikifuatwa na anwani ya NAS, halafu rudia ukiongeza -R ili kupima upande wa pili. Kati ya 930 na 940 Mbits/sec, mtandao wako hauna deni.

SWALI: Kwangu kasi inaanza megabaiti 110 kwa sekunde, baada ya gigabaiti 20 au 30 inaporomoka hadi 15, mara inasimama kabisa kisha inaendelea. Waya nimeshabadilisha.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waya haukuwa na kosa, hiyo 110 ya mwanzo ni ushahidi wa kutosha. Tazama diski. Gigabaiti chache za kwanza huingia kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya NAS, kwa hiyo kila NAS hung'ara dakika ya kwanza. Kuporomoka hadi 15 na kusimama ni tabia ya diski za SMR, ambazo njia zake za data hulaliana kama makuti ya paa: ukitaka kubadilisha kuti la chini, lazima uinue ya juu yake. Diski hupokea data kwanza kwenye eneo dogo la kawaida, na eneo hilo likijaa huanza kupanga upya huku wewe ukisubiri. Kusoma hakuathiriki sana.

Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red zilizouzwa kwa ajili ya NAS, za terabaiti 2 hadi 6 zenye EFAX mwishoni mwa jina, ni SMR. Za CMR, ambazo njia zake hazilaliani, wakaziita Red Plus. Soma jina kamili la diski kwenye ukurasa wa NAS, ulilinganishe na orodha ya mtengenezaji. Ukikuta ni SMR, ifanye ya kuwekea nakala za akiba, usiichanganye kwenye RAID 5 (mpango wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki), maana kuijenga upya kunaweza kuchukua siku nyingi.

Kabla ya kuihukumu, soma SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, kwenye ukurasa wa NAS. Kipengele namba 5 au 197 kikipanda, diski inakufa, hamisha data leo. Kikipanda cha 199, shuku kebo ya SATA (inayounganisha diski) au soketi yake.

SWALI: Filamu moja inapita vizuri, picha 20,000 za simu hazimaliziki. Natumia waifai.
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Kila picha ina maombi yake: fungua, andika, weka tarehe, funga, na kila ombi husubiri jibu. Yakiwa manne ya milisekunde 5, picha 20,000 ni karibu dakika saba za kusubiri tu. Tumia waya, na kwenye Windows nakili kwa robocopy (amri ya kunakili ya Windows) ukiweka /E /MT:16 ili picha 16 ziende kwa pamoja. Au zifunge kwenye zip bila kubana. JPEG imeshabanwa tayari.

SWALI: Umeme ukikatika na kurudi, NAS inakuwa nzito siku nzima.
Msomaji, Bukoba

JIBU: RAID inakagua diski zote mwanzo hadi mwisho. Terabaiti 4 kwa megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde ni saa saba hadi kumi na moja, na ukiitumia wakati huo zinaongezeka. Kwenye NAS zinazotumia RAID ya Linux, cat /proc/mdstat itakuonyesha asilimia na muda uliobaki. Iache usiku kucha. Ukinunua UPS (betri ya akiba ya umeme), chukua yenye waya wa USB na uuchomeke kwenye NAS. Bila huo, NAS haijui kwamba inaishi kwa betri, na betri ikiisha itazimika ghafla vilevile.